Twahesabu Mizani, Twasahau Miaka

Lipo jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu kuhusu namna ushairi unavyofundishwa katika shule zetu, nami leo nimeazimia kulitoa hadharani. Mwanafunzi apewapo shairi, kazi ya kwanza anayotakiwa kuifanya, na aghalabu ndiyo ya pekee, ni kuhesabu. Atahesabu beti na mishororo, atapima mizani ya kila kipande, ataviandama vina vya kati na vya mwisho, kisha ataitaja bahari na kujipatia alama zake. Shairi lilisema nini, lilimwambia nani, na aliyelisema alitendwa nini, hayo huachwa yaning'inie.

Sina ugomvi na arudhi. Wazee wa Mvita na Lamu hawakuziweka kanuni hizo kwa mchezo. Ugomvi wangu ni pale ambapo kuhesabu huwa ndio mwisho wa safari. Tuichukue, mathalani, diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa na Oxford University Press mwaka 1973. Wanafunzi wengi wanaweza kuyapima mashairi yake bila ya kukosea hata silabi moja. Ni wachache mno wanaoweza kueleza kwamba yalitungwa na kijana aliyekuwa akitumikia kifungo cha miaka mitatu, na kwamba kosa lake lilikuwa ni kuuliza swali.

Itakumbukwa kwamba mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu wadhifa wa Makamu wa Rais, akakiongoza chama cha upinzani cha Kenya People's Union, yaani KPU. Uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya ulipowadia mwaka 1968, karatasi za uteuzi za wagombea wa KPU zilikataliwa kote nchini kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa. Anayetaka kuelewa jinsi utawala unavyoweza kumnyima mtu haki yake bila ya kuinua rungu, na aitazame siku hiyo. Hakuna aliyeuliza wagombea hao walikuwa na sera gani. Fomu zilikaguliwa, kasoro zikahesabiwa, mambo yakaishia hapo.

Ndipo mnamo Novemba 1968 ukasambazwa waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Aliyeuandika alikuwa Abdilatif, mzaliwa wa Mombasa, mwenye umri wa miaka 22 tu. Waraka ule uliishutumu serikali ya Mzee Jomo Kenyatta kwa kuelekea kwenye udikteta, tena uliishutumu kwa Kiswahili, lugha ambayo mchukuzi wa bandarini aliielewa sawa na wakili. Mwezi uliofuata mwandishi akakamatwa. Mwaka 1969 alipatikana na hatia ya uchochezi dhidi ya serikali, akapelekwa gerezani. Kabla ya mwaka huo kwisha, mwezi wa Oktoba, KPU nayo ikapigwa marufuku na Jaramogi akatiwa kizuizini. Swali la Twendapi likawa limejibiwa na wale wale walioudhika kuulizwa.

Fasihi yetu inamjua mfungwa mwingine, mkongwe kuliko huyu. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, shujaa Liyongo amefungwa na mfalme wa Pate. Kila kijakazi Saada anapomletea chakula, askari wanakila kizuri na kumwachia makombo. Liyongo anatunga wimbo wa mafumbo, Saada anaupeleka kwa mama yake mzazi, na mama anaelewa: anaoka mkate wa wishwa na kuificha tupa ndani yake. Askari wakiona wishwa wanaudharau, wanauacha upite. Usiku wa ngoma, sauti za ala zinapovuma, mfungwa anakereza minyororo yake.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu kinatuonyesha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kwamba fumbo katika ushairi wa Waswahili halikuwa pambo. Lilikuwa njia ya kumpitisha mtu mbele ya askari. Pili, na hili ndilo linalotuhusu sisi walimu, kwamba anayeishia kwenye vina na mizani anafanana sana na askari wale. Ameukagua mkate, ameona wishwa, ameuruhusu upite, na tupa hakuiona.

Abdilatif aliandika kwa siri, juu ya karatasi za msalani, akiwa katika gereza la Kamiti. (Karatasi ya msalani ya Kamiti ina sifa zake katika fasihi. Ngũgĩ wa Thiong'o naye, alipozuiliwa huko mwaka 1978, aliitumia kuandikia riwaya yake ya Kigĩkũyũ, Caitaani Mũtharabainĩ.) Hebu tufikiri kidogo. Mtu asiye na meza wala daftari, asiyejua lini mlango utafunguliwa kwa ghafla, atatunga namna gani? Katika hali kama hiyo ubeti uliofungika kwa vina ni mali rahisi kuhifadhika. Kichwa hubeba kile ambacho mkono umenyang'anywa. Hapo mwanafunzi akihesabu mizani, atakuwa anahesabu kitu chenye maana.

Wapo wanaolalamika kwamba lugha ya diwani hii ni ngumu kwa kuwa ni Kimvita. Kwangu mimi ugumu huo ni kisingizio. N'shishiyelo ni Lilo maana yake ni kwamba nililolishikilia ni lile lile. Siwati ni kusema siachi. Tazama basi majina hayo mawili yalivyobeba msimamo mzima wa mtu ambaye serikali ilitaraji kwamba gereza lingemlainisha. Kuno Kunena linahoji imekuwaje kule kusema kwenyewe kukamtia mtu kifungoni. Na lipo Mamba, ambalo ndilo nilipendalo zaidi. Mamba amejitanua mtoni, anajigamba kwa nguvu zake, naye mtunzi anamkumbusha kwamba siku yake itafika na roho itamtoka. Jina la binadamu halikutajwa. Wishwa mtupu.

Kinaya kikubwa kilikuja baadaye. Mwaka 1974, miaka miwili baada ya mtunzi kutoka gerezani na kuhamia Dar es Salaam, Sauti ya Dhiki ilituzwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Ndiyo, tuzo yenye jina la Rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Wasomi hukitaja kinaya hiki kwa kicheko, lakini kipo kingine kisichotajwa sana. Mzee Kenyatta mwenyewe alihukumiwa Kapenguria mwaka 1953 na mahakama ya mkoloni, akaonja gereza na kizuizi hadi mwaka 1961. Kitabu chake kuhusu masaibu hayo, Suffering Without Bitterness, kwa tafsiri yangu Mateso Bila Kinyongo, kilitoka mwaka 1968, mwaka ule ule wa Twendapi. Vitabu viwili basi, vyote vikizaliwa na jela za Kenya, kimoja cha mtawala na kimoja cha aliyefungwa na serikali ya mtawala huyo. Sijaviona vikisomwa pamoja darasani, ilhali sijui somo jingine ambalo lingemwonyesha kijana kwa uwazi zaidi jinsi mtu alivyoweza kuutamka uhuru kwa ufasaha na bado asiweze kuuvumilia kinywani mwa mwenziwe.

Vifungu vya sheria kuhusu kosa lile la uchochezi vilifutwa mwaka 1997, na Katiba ya mwaka 2010 imeuweka uhuru wa kujieleza katika kifungu cha 33. Hata hivyo naona walimu wenzangu wangali wakiyapita mashairi haya kwa hatua za haraka, kama mtu apitaye mbele ya nyumba yenye mbwa. Vina ni salama. Hakuna mwalimu aliyewahi kuitwa ofisini kwa sababu ya kina cha kati.

Mwaka fulani niliwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu, Mamba ni nani? Wa kwanza akajibu kwamba ni mnyama wa mtoni. Wa pili akalitaja jina la Mzee Kenyatta, nami nikamtaka atoe ushahidi kutoka kwenye beti, akautoa vizuri. Wa tatu, msichana aliyekuwa ameketi karibu na dirisha, aliinua mkono akauliza iwapo mamba huyo ni lazima awe mtu aliyekwisha kufa.

Nikamwambia asome ubeti wa mwisho kwa sauti, kisha aendelee.