Kabla ya Kukodi Baiskeli ya Milimani, Unguja

Atokaye Mji Mkongwe wa Zanzibar kuelekea kaskazini hupita magofu ya Maruhubi, kasri lililojengwa kwa ajili ya Sultani Barghash mwaka 1882, kisha hupanda hadi Kidichi, penye hamamu ya Kiajemi ya mwaka 1850, na kuingia katika njia za udongo za mashamba ya viungo ya Kizimbani. Mwinuko huo si mkubwa. Kinachotutia wasiwasi ni mteremko wa kurudi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, ijaribu baiskeli palepale dukani na ubane breki ya mbele na ya nyuma kwa nguvu. Isiposimama, ikatae, hata ukiambiwa kwamba itakaa sawa njiani. Haitakaa.

Dai risiti ioneshayo saa ya kurudisha, kiasi cha amana, na nani atakayelipia pancha, maana miiba ya mashambani haina huruma na tairi. Mikwaruzo ya zamani iandikwe humo humo. Pasipoti au kitambulisho usikiweke rehani. Twashauri uache nakala tu. Na kwa kuwa vijia vingi hupita katika mashamba ya watu, omba ruhusa na uulize ada kabla ya kuingia, si wakati wa kutoka.