Usiache Dawa kwa Ajili ya Vitamini

Dada yangu ni mkulima. Miaka 4 iliyopita vidole vyake vilianza kuvimba. Kila asubuhi mikono ilikuwa migumu. Kushika jembe ilikuwa taabu. Alikwenda hospitali, akapimwa. Aliambiwa ana baridi yabisi ya aina inayotokana na kinga ya mwili.

Kinga ya mwili ni nini? Ni nguvu ya mwili ya kupigana na vijidudu vya maradhi. Katika ugonjwa huu kinga hukosea. Hushambulia mwili wenyewe. Ni kama mbwa wa ulinzi anayemng'ata mwenye nyumba.

Dada alipewa dawa iitwayo methotreksati. Dawa hii hupunguza ukali wa kinga. Kwa ugonjwa huu humezwa mara 1 tu kwa wiki, si kila siku. Mwenye mimba haruhusiwi kuimeza. Dada alipewa pia vidonge vya foliki. Foliki ni vitamini. Hupunguza madhara ya dawa, kama vidonda vya kinywani.

Siku moja mnadani mtu alimwuzia chupa za vitamini D. Alimwambia, "Hizi zinatosha. Dawa za hospitali tupa." Dada akatupa. Akameza vidonge vingi kila siku.

Baada ya miezi 3 viungo vilivimba kuliko kwanza. Tena alipata kiu kali, akatapika na kukojoa mara kwa mara. Tulimrudisha hospitali. Vitamini D ilikuwa imezidi mwilini. Ikizidi, madini ya kalsiamu huongezeka katika damu. Hali hiyo huweza kuharibu figo.

Mimi ni bwana shamba. Mbolea ya chumvichumvi husaidia mahindi. Lakini ukiirundika shinani, mche huungua. Vitamini nazo ni hivyo hivyo. Vitamini A ikizidi huumiza ini, hata mtoto aliye tumboni.

Je, vitamini ni mbaya? Hapana. Mwili unazihitaji. Tule mchicha, maharage, dagaa, mayai, mapapai na mapera. Anayepungukiwa atapewa vidonge na mganga.

Ndugu msomaji, kumbuka:

1. Usiache dawa bila kumwuliza mganga.
2. Usinunue vitamini kwa maneno ya muuzaji.
3. Ukienda kutibiwa, chukua chupa zote unazotumia. Mwonyeshe mganga.

Dada amerudia dawa zake. Msimu huu amepalilia shamba lake mwenyewe.