Hema ya Turubai kwa Jamaa ya Mjini

Mtu apitaye katika mtaa wa viwanda wa Nairobi, tangu barabara ya Lusaka hata barabara ya Enterprise, hukuta kazi za kila namna: sabuni, rangi, mabati, unga na dawa. Miongoni mwa kazi hizo imo moja ambayo wapitaji hawaiangalii sana, nayo ni ushonaji wa hema. Mafundi hukata turubai juu ya meza ndefu, cherehani nzito zikinguruma, na kazi ya mikono yao hupelekwa katika kambi za watalii, penye harusi na penye matanga. Wakaaji wa Makongeni, Kaloleni, Mbotela na Jericho ni jirani wa viwanda hivyo. Hata hivyo, karani wa huko akiwa na siku nne za likizo, hema ni kitu cha mwisho kumjia akilini. Husema kwamba hayo ni mambo ya wageni wenye fedha.

Dhana hiyo ni ya kustaajabisha kidogo, maana mji wa Nairobi wenyewe ulianza kwa hema. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika mahali hapo mwaka 1899, palikuwa tambarare yenye maji baridi, nao wajenzi wa reli walipiga kambi kabla ya nyumba za bati kusimama.

Hema ifaayo zaidi kwa mtu mwenye watoto ni ile ya mviringo yenye nguzo moja katikati, iitwayo hema ya kengele kwa sababu ya umbo lake. Ni ya zamani sana. Picha alizopiga Mwingereza Roger Fenton katika vita vya Crimea mwaka 1855 zaonyesha hema hizo zimetanda bondeni kama uyoga, na mwaka uliofuata Mmarekani Henry Sibley aliandikisha hema ya nguzo moja kwa jina lake, baada ya kuona nyumba za ngozi za wenyeji wa nchi tambarare za kwao. Askari walilala ndani yake kama spoki za gurudumu la baiskeli, miguu yote ikielekea nguzoni. Baden-Powell naye, ambaye kaburi lake liko Nyeri, alipowapeleka wavulana wake wa kwanza katika kisiwa cha Brownsea mwaka 1907, aliwalaza katika hema za namna hiyo hiyo.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni ukubwa, na hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Hema yenye upana wa mita 4 ina nafasi ya mita za mraba 12 na nusu hivi, lakini ile ya mita 5 inakaribia mita za mraba 20. Mita moja tu imeongeza zaidi ya nusu ya nafasi yote! Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10, ambacho wakaaji wa Nairobi wakijua sana, hakifikii mita za mraba 10. Kwa hiyo baba, mama na watoto wanne waliozoea chumba hicho watajiona katika hema ya mita 5 kama waliohamia jumba. Lakini wasisahau kwamba ukuta wake ni mfupi, wafika magotini au kupita kidogo, na mtu mzima aweza kusimama wima karibu na katikati tu. Pembezoni ni mahali pa kulala na pa kuwekea mizigo. Tena kamba huhitaji nafasi ya mita moja na nusu au zaidi kila upande, basi kiwanja kisiwe chini ya mita 8.

Halafu kitambaa. Turubai la pamba lina tabia njema ambayo nailoni haina: nyuzi zake hunywa maji, hufura, na kuziba matundu madogo yaliyokuwa kati yao, hali hewa huendelea kupita kitambaa kikiwa kikavu. Uzito wake huhesabiwa kwa gramu katika kila mita ya mraba. La gramu 285 ni jepesi na lafaa kwa safari chache za mwaka. La gramu 360 ni imara zaidi, ila mbebaji atalijua. Mnunuzi asione haya kugeuza hema ndani nje mbele ya fundi. Atazame kama mishono imekunjwa na kushonwa mara mbili, kama pembe zinazovutwa na kamba zimeongezewa kiraka, na kama kule juu, karibu na ncha ya nguzo, mna matundu ya hewa yenye wavu. Hema isiyo na matundu hayo asiichukue hata akipunguziwa bei. Apime pia bega lake mwenyewe, maana hema ya mita 5 pamoja na nguzo na vigingi hupata kilo 30 na zaidi, na si kila kondakta wa matatu atakayeipokea kwa uso wa furaha.

Hema mpya isipelekwe safarini siku ile ile. Kwanza isimamishwe mahali pa wazi, imwagiwe maji mpaka ilowe, iachwe ikauke kabisa, kisha irudiwe mara mbili au tatu. Matundu ya sindano huzibwa kwa njia hiyo, na bila hiyo mvua ya kwanza itadondoka juu ya blanketi, na mwenye hema atamlaumu fundi bure.

Katika kuisimamisha, vigingi vya ukingoni hupigwa kwanza kwa kuizunguka, mlango ukiwa umefungwa, ndipo mtu mmoja aingie chini ya turubai na nguzo yake na kuiinua. Watoto hupenda kazi hiyo kuliko zote. Udongo ndio wenye maneno. Udongo mweusi wa Eastlands na wa tambarare ya Athi ni mgumu kama matofali wakati wa jua, lakini mvua ikinyesha hulainika na kuachilia kigingi kama jino bovu. Vigingi vyembamba vinavyouzwa pamoja na hema havifai hapo. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji huweza kukata vya nondo, virefu vya sentimita 30 au 40, navyo hupigwa kwa mshazari, kichwa kikiinama upande usio na hema. Mvua ikianza, kamba zilegezwe kidogo, hasa zikiwa za katani au pamba, kwa kuwa hukaza zikilowa, na usiku wa manane huweza kung'oa kigingi au kupasua turubai.

Lipo jambo moja zito kuliko hayo yote. Usiku wa Naivasha au wa vilima vya Ngong ni wa baridi kali, na baba mwenye huruma akiona watoto wanatetemeka, hushawishika kuingiza jiko la makaa ndani na kufunga mlango. Hudhani kwamba makaa yakishawaka mekundu, moshi ukiisha, hatari nayo imekwisha. Sivyo hata kidogo. Makaa mekundu hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi, nayo hushika damu mahali pa hewa njema. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, hutapika. Na aliyelala haoni lolote kati ya hayo, hupitiliza usingizini. Turubai lililolowa ni baya zaidi, maana limeziba. Si hema zilizoua tu. Vyumba vya mjini vimeua watu kwa njia iyo hiyo. Jiko likae nje, hata likiwa limefunikwa majivu. Watoto walazwe karibu karibu, wawekewe blanketi chini yao kama juu, kwa kuwa baridi nyingi hutoka ardhini, na matundu ya juu yasizibwe kwa nguo. Akionekana mtu ana dalili hizo, atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali, hata akisema amepata nafuu.

Baada ya safari hubaki kazi inayochukiwa. Aghalabu jamaa hurudi Jumapili jioni, hema imekunjwa na umande, na Jumatatu kuna kazi. Hema hutupwa chini ya kitanda kungojea Jumamosi. Koga huweza kuanza kabla ya siku hiyo kufika, na madoa yake meusi hayatoki tena. Baadaye kitambaa huoza na kuchanika kama karatasi. Afadhali itandazwe juu ya kamba za nguo usiku ule ule, majirani wakiombwa radhi, na asubuhi mama au mtoto mkubwa aigeuze upande wa pili. Ikikauka hata kwenye mishono, ifagiliwe udongo, ikunjwe, na kuwekwa juu ya kabati, mbali na panya.