Alama 180 za Sirari ni ngapi Isebania?

Ukivuka mpaka pale Sirari kuelekea Isebania, wabadilisha fedha watakuita kabla hujafika mbali. Kila mmoja ana bei yake, ya kununua na ya kuuza, na mfanyabiashara mzoefu husikiliza wawili watatu kabla ya kutoa noti mfukoni. Mzazi anayevuka na karatasi ya matokeo ya mtoto hana wa kumuuliza. Alama hazina bei ya siku.

Jambo hili linawagusa wengi wenye mguu mmoja huku na mwingine kule. Biashara ikihamia upande wa pili, familia huifuata na mtoto hubadilishiwa shule katikati ya safari. Karatasi ikisomwa vibaya hapo, mtoto hurudishwa darasa bila sababu, au ada inaliwa na shule isiyostahili.

Tuanze na Tanzania. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanywa darasa la 7, masomo 6 ya alama 50 kila moja, jumla 300. Kuanzia 241 ni daraja A, 181 hadi 240 ni B, 121 hadi 180 ni C. Chini ya hapo mtoto hajafaulu. Kwa hiyo mwenye 180 yuko ukingoni kabisa mwa C. Alama moja zaidi angeingia B.

Ipeleke 180 hiyo Kenya. Mzazi wa huko aliyezoea KCPE ya alama 500 atakupa pole kabla hujamaliza kueleza. Na KCPE yenyewe haipo tena: ilianza 1985, watahiniwa wa mwisho wakaifanya 2023. Sasa kuna KPSEA mwishoni mwa gredi ya 6, na haimzuii mtoto kuendelea. Ina uzito wa asilimia 20 tu katika kumpangia sekondari ya juu. Asilimia 20 nyingine hutokana na kazi za shuleni za gredi ya 7 na 8, na 60 ni mtihani wa gredi ya 9, ambao ulifanywa kwa mara ya kwanza 2025. Yaani wakati wa darasa la 7 Tanzania anahitimu, mwenzake wa gredi ya 7 Isebania ndiyo kwanza anaanza sekondari ya chini, na mtihani mzito uko mbele yake.

Wanaouza Mutukula na Busia wana kitendawili kingine. Uganda masomo ni 4, kila moja hupewa namba kutoka 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora. Jumla nzuri kuliko zote ni 4, mbaya kuliko zote ni 36. Kati ya 4 na 12 ni daraja la kwanza. Aliyezoea kwamba kingi ndicho kizuri anaweza kufurahia 30, kumbe mtoto yuko daraja la nne. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena na mtoto wako mwenyewe.

Hata hivyo, kwa maoni yangu namba si tatizo kubwa. Lugha ndiyo kubwa. Katika shule za serikali za Tanzania, karatasi zote ni za Kiswahili isipokuwa ya Kiingereza. Kenya ni kinyume: zote Kiingereza isipokuwa Kiswahili. Uganda, mtihani wa darasa la 7 hauna karatasi ya Kiswahili kabisa. Mtoto aliyefundishwa kigawe kidogo cha shirika akakielewa vizuri, akivuka anakikuta kina jina jingine, na swali la maneno linampita. Anapata sifuri katika jambo analolijua. Yupo mtoto anayemsaidia mama yake kurudisha chenji kwa shilingi za nchi mbili bila kikokotoo, haraka kuliko mwandishi huyu, na ambaye karatasi ya hisabati ya upande wa pili itamwita mzito. Mwalimu anayempokea mtoto wa namna hiyo amuulize kwanza kwa Kiswahili.

Kuna pia wastani wa shule, ambao wenye shule hupenda kuubandika getini. Wafanyabiashara wa nyanya wanajua tenga linavyopangwa: nzuri juu, zilizopondeka chini. Shule iliyosajili watahiniwa 18 haiwezi kulinganishwa kirahisi na yenye 180, hasa kama wale 18 ni waliobaki baada ya wanyonge kukaririshwa darasa au kushauriwa wahame. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, lakini matokeo ya kila shule bado yanawekwa kwenye tovuti yake. Usiishie kwenye wastani. Uliza darasa hilo lilikuwa na watoto wangapi miaka miwili kabla ya mtihani.

Na kama unataka kipimo kisichojali mpaka, kiko nyumbani. Uwezo, waliowapima watoto majumbani Kenya, Uganda na Tanzania, waliripoti 2012 kwamba chini ya theluthi moja ya watoto wa darasa la 3 walimudu kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha darasa la 2. Mpe mtoto hadithi fupi ya darasa la 2 asome mbele yako jioni, baada ya kufunga hesabu za duka.

Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 1, 2010, inazitaka nchi wanachama kutambuana vyeti. Mzazi aliyesimama mbele ya meza ya mwalimu mkuu bado anategemea makaratasi aliyobeba. Anayetoka Tanzania abebe matokeo yenye alama za kila somo, namba ya PReM ya mtoto na barua ya uhamisho. Anayetoka Kenya asisahau namba ya tathmini ya KNEC, ambayo mtoto hupewa akiwa gredi ya 3. Kwa wote, cheti cha kuzaliwa, na kiwe cheti chenyewe, si picha kwenye simu. Matokeo ya Tanzania kwa kawaida hutoka kabla ya Desemba na ya Uganda Januari, huku muhula mpya Kenya na Tanzania ukianza Januari hiyo hiyo. Anayesubiri ya Uganda aende kuongea na shule ya upande wa pili mapema, kabla madawati hayajajaa.