Kipozajoto cha kadi ya michoro

Kipozajoto cha kadi ya michoro ni kifaa cha shaba au alumini, kwa kawaida chenye feni, kinachoondoa joto kwenye chipu inayotengeneza picha za kompyuta. Watumiaji wengine hung'oa kile cha kiwandani na kufunga kikubwa zaidi, kwa mfano Accelero ya kampuni ya Arctic.

Kadi ikizidi kupata moto baada ya hapo, mara nyingi kipozajoto hakijagusana vema na chipu. Kati yao hubaki mianya midogo yenye hewa, nayo hewa hupitisha joto vibaya sana. Ndiyo sababu hupakwa grisi ya joto. Grisi ya zamani hufutwa kwa alkoholi, mpya hupakwa kidogo, na skrubu hukazwa polepole kwa zamu, pembe kwa pembe inayoikabili. Chipu ikikandamizwa upande mmoja huweza kumeguka.

Kosa lisiloonekana upesi ni jingine. Programu inaweza kuonyesha nyuzi 60 za Selsiasi kwenye chipu, huku kompyuta ikizimika ghafla au picha zikijaa madoa. Hapo kinachoungua ni chipu za kumbukumbu au transista za umeme, ambazo kipozajoto kipya hakizifikii. Hizo hubandikiwa vipande vyao vya alumini. Pale zinapopozwa na kipozajoto hichohicho kupitia pedi laini, pedi nene mno hukiinua kisiguse chipu.