Hifadhi na Hesabu ya Maneno katika Kamusi ya Forth

Katika kamusi za Kiswahili vidahizo hupangwa kialfabeti. Kamusi ya Forth, lugha ya kompyuta iliyobuniwa na Charles Moore nchini Marekani, hufuata wakati. Kimapokeo, kila kidahizo huwa na jina, fasili na kiungo cha kidahizo kilichotangulia. Utafutaji huanzia kwenye neno jipya kabisa na kurudi nyuma. Hesabu nayo hufuata mnyororo huohuo.

Mathalani, mtunza ghala wa Kashaulili, mjini Mpanda, anaweza kufasili GUNIA kuwa kilo 100, kisha akaunda neno UZITO linalozidisha idadi ya magunia kwa GUNIA. Akifasili upya GUNIA kuwa kilo 90, fasili ya kwanza haifutiki, bali hufunikwa. UZITO huendelea kutumia 100 mpaka nalo lifasiliwe upya, kwa kuwa lilifungamanishwa na fasili ya awali. Kwa magunia 50, kosa ni kilo 500.

Hivyo vidahizo vilivyoongezwa ni vitatu, ilhali majina yanayopatikana ni mawili. Kama ilivyo kwa homonimu za Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981), idadi ya vidahizo si idadi ya majina.