Unaponunua Shamba Kijijini Kilombero

Dalali wa Ifakara hupenda kukupeleka shambani Septemba au Oktoba. Barabara inapitika, udongo mweusi umekauka, na mabua ya mpunga yanaonyesha kwamba watu wamevuna. Nenda, lakini usitoe hela. Rudi Aprili, mito inayoshuka kutoka milima ya Udzungwa ikiwa imejaa, uone maji yanasimama wapi na yanakufika wapi mguuni. Mkulima wa mpunga atayashangilia. Anayetaka kupanda kakao atageuza njia.

Kisha kuna suala la vipimo. Vijijini eka huhesabiwa kwa hatua, 70 kwa 70. Hatua ndefu, ya sentimita 90 hivi, inakupa takribani mita za mraba 4,000, na hiyo ni eka kweli. Hatua ya kawaida ya sentimita 75 inakupa kama 2,750 tu. Ukinunua "eka 10" za namna hiyo, zaidi ya eka tatu hazipo, na hakuna aliyekudanganya! Pima kwa utepe au kwa GPS, tena mbele ya majirani wa pande zote. Muuzaji ataondoka na fedha zake. Jirani ndiye utakayegombana naye mpakani.

Sasa karatasi. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Alichonacho mwanakijiji ni haki ya kuitumia, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 haki hiyo haihamishwi bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Hapa ndipo wageni wengi wanapoumia. Wanaandikishana, mwenyekiti wa kitongoji anashuhudia, muhuri unagongwa, picha zinapigwa. Mahakama zimeshabatilisha mauziano ya namna hiyo, kwa sababu sahihi ya kiongozi mmoja si uamuzi wa halmashauri. Dai muhtasari wa kikao, wenye ajenda ya shamba lako na orodha ya waliohudhuria. Tena sheria humtazama mnunuzi kama mtu atakayeishi na kufanya kazi kijijini. Anayetaka kushikilia ardhi ipande bei, yeye akiwa Dar es Salaam, ana kazi ya kujieleza.

Muulize muuzaji kama ana hati ya hakimiliki ya kimila, na mwenzi wake aseme mwenyewe kwamba ameridhia. Mkwe au kaka kusema "mama anajua" hakutoshi.

Kilombero kuna jambo jingine. Sehemu kubwa ya bonde ni ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 2002, na mwaka 2023 ilitangazwa Pori la Akiba Kilombero. Muuzaji anaweza kuwa mkweli kabisa, babu yake alilima hapo, na bado shamba likawa ndani ya mpaka wa hifadhi. Pia Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na mara nyingi kipande hicho ndicho dalali anachokisifu zaidi. Chukua alama za GPS za kona zote uzipeleke kwa ofisa ardhi wa halmashauri ya wilaya, azilinganishe na ramani ya mipaka kabla hujalipa hata kishika uchumba.